Jinsi ya kuichimba historia ya mji ulikokulia kwa postikadi za zamani na kumbukumbu za wazee (mwongozo kamili)

Watu wengi wakishika postikadi ya zamani ya mji waliokulia wanaiangalia mbele sekunde kumi hivi, wanasema "lo, kumbe palikuwa hivi", wanairudisha kwenye boksi, basi imeisha. Mi nataka nikuoneshe jinsi ya kukaa na kadi hiyo hiyo wiki nzima, mana kadi moja ikisomwa vizuri mbele na nyuma, alafu ikapelekwa kwa mzee aliyekuwa anapita barabara hiyo akiwa na miaka kumi na mbili, inatoa mambo ambayo hakuna mtu aliwahi kuyaandika popote.

Ila kuna kitu kimoja ukiweke kichwani kabla hatujaanza. Kadi inadanganya na kumbukumbu nayo inadanganya, lakini kila moja ina uongo wake. Kadi ilitengenezwa ili iuzwe, kwa hiyo imepambwa. Kumbukumbu imekaa kichwani kwa mtu miaka hamsini, kwa hiyo imehamahama. Ukiziweka mezani pamoja moja inaishika nyingine uongo, na kazi yote ya mwongozo huu ni kukufikisha hapo.

Hatua ya 1: Tafuta kadi, na usiishie mjini kwenu

Anza nyumbani, hilo halina mjadala. Fungua madroo, maalbamu, bahasha za barua, na vitabu vya zamani pia, mana watu walizoea kuchomeka postikadi kama alama ya ukurasa. Waulize ndugu wa pande zote mbili. Usiulize "una postikadi?", uliza "una barua au makaratasi ya zamani ambayo hujayatupa?", utashangaa tofauti.

Sasa fikiria jambo hili: postikadi ilinunuliwa mjini kwenu ili itumwe kwingine. Maana yake kadi nyingi za mji wenu haziko mjini kwenu, ziko kule zilikoenda. Zipo kwenye madroo ya watu ambao babu yao alikuwa mwanajeshi, fundi wa reli, mmisionari, karani au mtalii, na siku hizi wajukuu wanaziuza. Kwa hiyo tafuta kwenye eBay na Delcampe, yale masoko ya mtandaoni wanakouzia, na utafute kwa majina yote ambayo mji umewahi kuitwa, kwa herufi za zamani, kwa jina la zamani la nchi, na kwa lugha nyingine. Kadi za Kijerumani za miaka ya 1890 mara nyingi zina maneno "Gruss aus", yaani salamu kutoka mahali fulani, za Kifaransa utakuta "Rue" kwa barabara na "Gare" kwa stesheni. Jina la mji likiwa limekosewa herufi moja na muuzaji, hiyo kadi hakuna anayeiona isipokuwa wewe uliyejaribu kukosea kama yeye. Na hata usiponunua, wauzaji wengi wanaweka picha ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo hifadhi zote mbili na uandike umeiona wapi na tarehe gani, mana tangazo likishafutwa halirudi.

Alafu kuna maktaba kubwa zilizoweka kadi zao mtandaoni: New York Public Library, Library of Congress, na Newberry Library ya Chicago ambayo inatunza makusanyo ya kampuni ya Curt Teich, moja ya viwanda vikubwa kabisa vya postikadi duniani. Wikimedia Commons nayo usiiruke. Na makumbusho au maktaba ya mji wenyewe nenda kwa miguu, usipige simu tu, mana mara nyingi kadi ziko kwenye boksi ambalo halijaandikwa kwenye orodha yoyote na mtu pekee anayejua lilipo ni yule anayefungua mlango asubuhi.

Hatua ya 2: Ipige skani kabla hujafanya lolote

Osha mikono, ikauke kabisa, shika kadi kwenye kingo. Skani pande ZOTE MBILI, dpi 600 au zaidi (yaani vinukta 600 kwa kila inchi), kwa rangi hata kama kadi ni nyeusi na nyeupe, na uhifadhi faili kuu kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, alafu za kutuma kwa watu ndo ziwe JPEG, ambazo ni nyepesi. Huna skana, tumia simu: kadi iwe bapa mezani karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, simu iwe sambamba na kadi, flashi zima. Ipe kila kadi namba, faili la mbele na la nyuma yabebe namba hiyo hiyo. Kama itabidi uandike kwenye kadi yenyewe tumia penseli laini, kwenye kona ya nyuma, kalamu ya wino hapana.

Usibandue stempu. Tafadhali. Watu walizilowesha kadi kwenye maji ili wapate stempu na wakapoteza muhuri, yaani tarehe, kwa ajili ya kipande cha karatasi ambacho pengine kipo kwa maelfu. Gundi, selotepu, na yale maalbamu yenye kurasa za kunata pia hapana. Mifuko iwe ya poliesta au polipropilini, ile ya PVC inatoa kemikali zinazoharibu picha polepole. Baada ya hapo kadi yenyewe ipumzike mahali pakavu pasipo na mwanga, wewe fanya kazi na skani.

Hatua ya 3: Soma mgongo kwanza

Najua unatamani kuangalia picha. Subiri kidogo, mgongo ndo unakuambia kadi ni ya lini.

Kadi ya posta ya kwanza rasmi ilitolewa na Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, na haikuwa na picha kabisa, ilikuwa ni karatasi ngumu ya ujumbe mfupi. Picha zilikuja kushika kasi miaka ya 1890. Kwa muda mrefu sheria ilikuwa kwamba nyuma ni kwa anwani peke yake, ndo mana kwenye kadi za zamani zaidi utaona mtu amebana maneno yake pembeni ya picha, mara nyingine ameandika mpaka juu ya anga. Alafu ukaja ule mstari wa katikati, ujumbe kushoto na anwani kulia. Uingereza iliruhusu mwaka 1902, Ufaransa mwishoni mwa 1903, Ujerumani 1905, Marekani tarehe 1 Machi 1907. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote angalia mstari: hakuna mstari na nyuma kuna anwani tu, basi hiyo kadi kuna uwezekano mkubwa ilichapwa kabla ya miaka hiyo, kutegemea ilichapwa nchi gani.

Baada ya mstari angalia kisanduku cha stempu, kile kimraba cha kona ya juu kulia. Kama kadi ni picha halisi iliyosafishwa kwenye karatasi ya picha, mara nyingi kisanduku kina jina la aina ya karatasi. AZO ndo maarufu zaidi. Pembetatu nne kwenye kona, zote zikielekea juu, ni takribani 1904 hadi 1918. Mbili juu mbili chini ni takribani 1918 hadi 1930. Karatasi nyingine zina alama zao na wakusanyaji wametengeneza majedwali yake, unalinganisha tu.

Kuna namba ndogo pia ambazo wengi wanazipuuza. Kadi za Curt Teich zina namba yenye herufi ya muongo: A ni miaka ya 1930, B ya 1940, C ya 1950, na tarakimu iliyotangulia herufi ni mwaka ndani ya muongo huo. Kwa hiyo namba inayoanza na 5A ni 1935, 2B ni 1942. Kadi za Ufaransa zenye ND ni za Neurdein na zenye LL ni za Lévy, wote wachapishaji wa Paris. Kampuni ya Valentine ya Dundee ilizipa picha zake namba, na makusanyo yake yapo Chuo Kikuu cha St Andrews. Ila sio kila kampuni imeacha rekodi: jengo la wachapishaji wa postikadi Raphael Tuck, London, liliteketea kwa mabomu usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 na makaratasi mengi ya kampuni yakaenda nayo, kwa hiyo kadi ya Tuck mara nyingi unabaki na ushahidi wa kadi yenyewe peke yake. Na kama una kadi mbili za mji wenu zenye namba zinazofuatana, kwa mfano 114 na 115, tafuta 113 na 116! Inawezekana mpiga picha alizipiga zote kwenye safari moja, alitembea mji mzima siku ile ile, na unaweza kufuata nyayo zake.

Sasa muhuri wa posta. Hapa watu wanateleza sana. Tarehe ya muhuri inakuambia kadi ilitumwa lini, haikuambii picha ilipigwa lini. Duka linaweza kuwa na kadi za zamani kwenye rafu miaka kumi, na mchapishaji anaweza kuchapa tena negativu ile ile (kioo au filamu ya picha ya awali) kila akiishiwa. Muhuri ni ukuta wa mwisho tu: picha haiwezi kuwa ya baada ya hapo.

Mwisho wa mgongo, soma ujumbe wenyewe, na uusome kwa sauti mana mwandiko mgumu unafunguka ukiusikia. Mara nyingi ni hali ya hewa na salamu, lakini tafuta vitu kama "nimeweka alama ya X kwenye dirisha letu". Hiyo X ni dhahabu. Kadi ya hoteli au ya hospitali yenye X inakuambia mtu fulani, siku fulani, alilala nyuma ya dirisha lile pale. Stempu iliyobandikwa kiupandeupande nayo usiidharau, wapenzi walikuwa na mtindo wa kupeana ujumbe kwa jinsi walivyoilaza stempu.

Hatua ya 4: Sasa geuza, na uangalie polepole

Chukua kioo cha kukuzia uiangalie kadi yenyewe kabla ya skani. Ukiona vinukta vilivyopangwa kwa mistari, hiyo ni chapa ya mashine. Ukiona chembechembe zilizojikunja kunja bila mpangilio, ni kolotaipu, njia ya zamani ya kuchapa picha, ambayo ilikuwa ya hali ya juu kwa maelezo madogo madogo. Ukiona rangi inabadilika laini kabisa bila kinukta hata kimoja, na ukiiinamisha kwenye mwanga sehemu za giza zinang'aa kama fedha, basi mkononi una picha halisi, na hiyo unaweza kuikuza mpaka usome vibao vya maduka.

Rangi usiziamini. Nasema tena, usiziamini. Kabla ya vita ya 1914 kadi nyingi za dunia nzima zilichapwa Ujerumani, kwenye miji kama Leipzig na Dresden, kutoka kwenye picha nyeusi na nyeupe, na aliyepaka bati la paa rangi nyekundu hajawahi kufika mjini kwenu, alifuata maelezo ya karatasi au alikisia. Waliongeza mawingu. Walifuta nyaya na nguzo. Walichukua picha ya mchana wakaitia giza, wakachora mwezi na madirisha yenye taa, ikauzwa kama "usiku". Waliongeza hata magari na watu kwenye barabara iliyoonekana tupu sana. Ukipata kadi mbili za picha moja, zilaze pamoja ulinganishe mtu kwa mtu, nguzo kwa nguzo, na kile kilichopo kwenye moja lakini hakipo kwenye nyingine kitakuambia nani alichezea.

Kuna picha nyingine ziligeuzwa kushoto kulia bila mtu kugundua. Angalia maandishi ya vibao, na kama hakuna maandishi angalia makoti ya wanaume: kwa kawaida upande wa kushoto unafunika wa kulia, ukiona wote kinyume basi negativu iliwekwa mgongo.

Ngoja nikuoneshe jinsi ninavyosoma picha moja. Tuseme ni barabara kuu, kuna jengo la stesheni mwisho kabisa, maduka pande zote, na watu wachache. Nagawa skani kwenye miraba, kama tisa hivi, alafu naenda mraba mmoja mmoja na daftari, naandika NINACHOONA sio ninachodhani. Mraba wa juu katikati: saa ya mnarani, mshale mfupi umepita kidogo tisa, mrefu uko kwenye tatu, kwa hiyo ni saa tatu na robo. Asubuhi au usiku? Kuna vivuli, basi ni asubuhi, kama saa hiyo ilikuwa inafanya kazi. Vivuli vya asubuhi vinaelekea magharibi, kwa hiyo saivi najua magharibi ni upande upi wa picha, na najua mpiga picha alikuwa ameangalia wapi, na nikienda kwenye ramani najua barabara ipi inaweza kuwa hii na ipi haiwezi. Saa moja tu ndogo ya mnarani imefanya hayo yote. Mraba wa chini kulia: kitu kama moshi. Ni mtu aliyetembea wakati lenzi iko wazi. Mraba wa kushoto: nguzo yenye nyaya, kwa hiyo simu au umeme ulikuwa umefika. Mlangoni kwa duka kuna mtoto ameikazia macho kamera, ndo mtu pekee aliyejua kinachoendelea.

Upande wa barabara ambao magari yamekaa nao ni ushahidi. Sweden ilihama kutoka kushoto kwenda kulia tarehe 3 Septemba 1967, kwa hiyo picha ya huko yenye magari yanayokwenda kushoto, kama haikugeuzwa, ilipigwa kabla ya siku hiyo. Mji wenu nao una siku zake za namna hiyo: mwaka wa taa za barabarani, mwaka daraja lilijengwa, mwaka jengo liliungua. Ziandike pembeni, kila moja ni kama mlango unaofunga au kufungua miaka.

Maelezo yaliyochapwa chini ya picha yasome mwisho, na yasome kwa wasiwasi. Wachapishaji walikosea majina ya barabara, ya majengo na hata ya miji.

Hatua ya 5: Simama alipokuwa amesimama mpiga picha

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote na ndo inayorukwa na wengi. Mwaka 1977 mpiga picha Mark Klett na wenzake kule Marekani walianza kuzirudia picha za magharibi mwa nchi zilizopigwa karne ya 19, wakitafuta sehemu ile ile kabisa ilipowekwa kamera. Njia yao haihitaji mashine ya ajabu.

Chagua kwenye kadi kitu kilicho karibu, mfano kona ya jengo, na kitu kilicho mbali nyuma yake, mfano ncha ya mnara. Angalia nafasi kati yao ni kiasi gani. Nenda pale ukiwa na kadi iliyochapwa kubwa. Ukisogea kulia, kitu cha karibu kinaonekana kuhamia kushoto mbele ya kile cha mbali. Ukisogea kushoto kinyume chake. Sogea mpaka nafasi iwe kama kwenye kadi. Alafu chukua jozi ya pili upande mwingine wa picha urudie. Jozi mbili zikikaa sawa kwa pamoja, uko kwenye mstari. Kama jengo la karibu bado linaonekana dogo kuliko kwenye kadi ukililinganisha na la mbali, songa mbele, kama ni kubwa mno rudi nyuma. Usijaribu kurekebisha kwa kuzumu, yaani kuvuta picha karibu kwa lenzi, mana kuzumu kunakata tu picha, hakubadilishi vitu vilivyopangana.

Urefu nao una siri yake. Kwenye ardhi tambarare, vichwa vya watu waliosimama vikiwa karibu na mstari wa upeo, pale anga na ardhi vinapokutana, kamera ilikuwa usawa wa macho. Vichwa vyote vikiwa chini ya upeo, mpiga picha alikuwa juu, kwenye roshani, kwenye ghorofa au juu ya gari. Na ukishajua alikuwa ghorofani, swali linalofuata ni ghorofa ya nani, na nani alimruhusu apande. Hilo swali lipeleke kwa wazee.

Hatua ya 6: Ipeleke kwa watu

Chagua kadi kulingana na mtu. Watafiti wa kumbukumbu wameona kwamba watu wakishavuka miaka arobaini, mambo wanayoyakumbuka kwa wingi na kwa uwazi ni yale ya kati ya umri wa miaka 10 na 30. Hesabu ni rahisi: mzee aliyezaliwa 1948 mpelekee picha za kuanzia 1958 mpaka 1978. Ukimpelekea kadi ya 1910 atakuambia alichoambiwa na wazazi wake, ambayo pia ni mali, ila andika wazi kwamba ni ya kusikia.

Chukua kadi tano mpaka nane, sio thelathini. Zichape kubwa, ukubwa wa A4, mana macho ya wazee yamechoka na ukimpa kadi ndogo atakujibu kwa heshima tu bila kuona kitu. Kadi halisi iache nyumbani. Beba karatasi nyepesi ya kutresi uilaze juu ya picha achore juu yake, na karatasi tupu ya kuchorea ramani. Simu ya kurekodia iwe na chaji, iweke kwenye hali ya ndege, ilaze juu ya kitambaa ili isinase kila kinachogonga meza, na omba kwa adabu redio na feni vizimwe. Ruhusa ya kurekodi iombe na iingie kwenye rekodi yenyewe, ikiwa ni pamoja na nani ataruhusiwa kusikiliza.

Namna ya kuuliza ni kila kitu. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonesha watu filamu za ajali za magari alafu wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Walioulizwa kwa neno la magari "kupondana" walikadiria wastani wa maili 40.5 kwa saa, walioulizwa kwa neno la "kugusana" wakasema 31.8. Filamu ni zile zile, kilichobadilika ni neno moja tu. Sasa wewe ukimuuliza mzee "Hapa si ndo palikuwa na sinema?" umeshajenga sinema kichwani kwake, na atakuambia ndio, na atakuwa anasema kweli kabisa kwa jinsi anavyoiona.

Kwa hiyo mpe picha, nyamaza. Hesabu mpaka kumi na tano moyoni. Kisha uliza vitu vya mwili na miguu: "Mzee, ungekuwa umesimama hapa, nyumbani kwenu ni upande gani?" "Mama, mlikuwa mnapita hapa kwenda wapi?" "Palikuwa pananukia nini?" "Ni sehemu gani mlikatazwa kwenda?" "Usiku mlikuwa mnaonaje njia?" "Nani alikuwa anakaa hapo mlangoni kila siku?" Swali la mwaka liwe la mwisho, na usiulize mwaka wenyewe, uliza "ulikuwa unasoma darasa la ngapi?" au "mtoto wako wa kwanza alikuwa ameshazaliwa?", alafu hesabu mwenyewe.

Na jambo moja dogo ambalo ukilisahau utalia baadaye: mzee atanyooshea kidole na kusema "pale", "huyu", "ile ya nyuma". Kwenye rekodi hizo ni sauti tupu. Kila akinyoosha sema kwa sauti, "Unaonesha nyumba ya pili kushoto, yenye ngazi". Anaweza akakurekebisha hapo hapo, na hiyo nayo inaingia.

Usimrekebishe yeye. Hata kama unajua kwa uhakika daraja lilijengwa baadaye, acha, uandike pembeni. Wawili wakikaa pamoja wanakumbushana vizuri sana lakini mwenye sauti kubwa anameza mwenzake, kwa hiyo wakutanishe baada ya kila mmoja kuongea peke yake. Na kama picha imegusa jambo la maumivu, mtu amenyamaza au amegeuza uso, weka kadi chini, zima rekoda, kaa naye tu. Usimsukume.

Ikiwezekana mtembee mpaka pale mahali. Kuna mambo miguu inayakumbuka ambayo kichwa kimeshayasahau, mtu anafika kwenye kona anasimama mwenyewe anasema "hapa palikuwa na shimo".

Hatua ya 7: Linganisha

Fungua ukurasa kwa kila kadi, ugawe sehemu tatu: kadi inasema nini, watu wanasema nini, na vitu vingine vinasema nini. Vitu vingine ni ramani za zamani, picha za kutoka angani, magazeti, vitabu vya orodha ya simu na anwani, mawe ya msingi kwenye majengo, na makaburi. Ukiona mzee anasema duka lilikuwa kushoto na kadi inasema kulia, usikimbilie kumlaumu mzee, rudi kwanza uangalie kama kadi haikugeuzwa.

Na makosa ya kumbukumbu yasikukatishe tamaa. Kwenye mji wa Terni, Italia, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma aitwaye Luigi Trastulli aliuawa na polisi Machi 1949 kwenye maandamano ya kupinga nchi kujiunga na NATO. Mwanahistoria Alessandro Portelli alipowahoji watu wa mji miaka mingi baadaye, wengi walikiweka kifo hicho mwaka 1953, kwenye mapambano ya mitaani baada ya wafanyakazi wengi kufukuzwa kiwandani. Tarehe si sahihi. Lakini mji mzima ulikihamisha kifo cha kijana wao kukipeleka kwenye siku ambayo waliona kweli walipigana, na hilo linakuambia kuhusu Terni kitu ambacho cheti cha kifo hakina. Kwa hiyo ukikuta watu watatu wamekosea kwa namna moja, usifute. Andika kosa, andika tarehe sahihi, alafu uulize kwa nini watu wamelihamishia pale.

Kwenye kila sentensi unayoiandika weka alama ya uhakika. Mimi natumia tatu tu: "nimeona", "nimeambiwa", "nakisia". Zinatosha.

Hatua ya 8: Rudisha

Kabla hujaweka chochote mtandaoni angalia haki. Kwenye nchi nyingi haki ya picha inadumu miaka 50 au 70 baada ya kifo cha mpigaji, na kadi kuwa mali yako haina maana picha ni yako. Ujumbe wa nyuma ukitaja ugonjwa, deni au ugomvi wa watu ambao familia zao bado zipo, funika majina. Na kuna kadi za zamani zilizopiga watu kama maonesho, bila ridhaa yao, wamevuliwa au wamepangwa mstari. Hizo zihifadhi kama ushahidi, ila usizisambaze kama mapambo.

Nakala za mahojiano, na skani zenye maelezo yake, peleka maktaba au makumbusho ya mji, na wewe baki na nakala mbili sehemu mbili tofauti. Kisha mchapie kila mzee aliyekusaidia picha yake ile aliyoipenda, kubwa, na picha uliyopiga wewe leo kutoka pale pale, umpelekee mwenyewe kwa mkono. Siku hiyo usiende kama mtu aliyemaliza. Nenda na rekoda yenye chaji na karatasi mpya ya kutresi, mana mtu akishakaa na picha wiki mbili ndani ya nyumba, ameionesha wanawe na jirani zake, anakuwa amekumbuka jina la yule mtoto wa mlangoni.